Kabla ya Kumwendea Mungu, Umekwenda kwa Jirani? Tafakari juu ya masomo na sikukuu za Wayahudi za majira ya vuli



Juma lililopita, baada ya sala ya jumuiya ndogondogo, mama mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza: "Padre, hawa Wayahudi wa siku hizi, Hekalu lao lilibomolewa zamani, kuhani mkuu hawana, mbuzi hawachinji. Sasa Siku ya Upatanisho wanafanya nini?" Nilimjibu upesi, kwa kuwa pikipiki ilikuwa ikinisubiri, kwamba wanafunga na kusoma Torati. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka, na njiani nilijisuta. Swali la mama huyo lilistahili jibu refu zaidi. Tena kwangu mimi binafsi ni swali lenye deni ndani yake, kama nitakavyoeleza mbele.

Msidhani kwamba tunazungumza juu ya watu wa mbali mno. Nairobi kuna sinagogi, na karibu na Mbale, nchini Uganda, wapo Abayudaya, Waganda ambao tangu mwaka 1919, wakimfuata mkuu wao Semei Kakungulu, waliamua kushika Torati, wakaishika hata katika miaka ya Idi Amin walipokatazwa. Majuma haya ya Septemba na Oktoba hao nao husoma masomo yaleyale yanayosomwa Yerusalemu, New York na Buenos Aires, kwa siku zilezile.

Niseme kwanza juu ya masomo, kwa maana sikukuu hizi hazieleweki bila hayo. Wayahudi wameigawa Torati, yaani vile vitabu vitano vya Musa, katika mafungu 54, na kila fungu huitwa parasha. Kila Sabato asubuhi husomwa fungu moja, na katika miaka fulani mafungu mawili huunganishwa ili mwaka utoshe. Huanza na Mungu kuumba mbingu na nchi, na huishia na kifo cha Musa juu ya mlima Nebo. Hawaruki kitu. Orodha za vizazi husomwa, hesabu ya mbao na kulabu za hema takatifu husomwa, hata sheria juu ya ukungu unaoota katika kuta za nyumba husomwa, na mwalimu wa sinagogi hana budi kutafuta la kusema juma hilo. Sisi Kitabu chetu cha Masomo tulichopewa mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kimetupatia utajiri mkubwa wa Maandiko katika mizunguko mitatu ya Dominika, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kitabu chetu huchagua, na mara nyingi huchagua yale yanayofanana na Injili ya siku, kiasi kwamba Agano la Kale huja mbele yetu kama mtumishi anayemfungulia bwana wake mlango kisha akaondoka. Nakiri kwamba huwaonea wivu kidogo wenzetu wanaolazimika kuhubiri juu ya ukungu.

Mzunguko wa miaka mitatu, kwa njia, haukuwa jambo geni kwao. Zamani Wayahudi wa Palestina waliisoma Torati polepole, wakaimaliza kwa muda wa miaka kama mitatu, na waliokuwa Babeli waliimaliza kwa mwaka mmoja. Desturi ya Babeli ndiyo iliyoenea.

Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kwa kifupi. Mapokeo yao yanaihusisha desturi hiyo na Ezra, na huieleza hivi: Waisraeli walikwenda siku tatu jangwani bila kupata maji, wakachoka, basi ikapangwa kwamba watu wasikae siku tatu bila kusikia Torati. Tena siku hizo zilikuwa siku za soko, watu wa mashamba walipokuwa wakiingia mjini. Tazameni hekima hiyo: walilipeleka Neno mahali watu walipokuwa wakienda kuuza na kununua, hawakungoja watu walifuate.

Gombo lenyewe huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805, na herufi moja ikikosekana au ikifutika, gombo hilo haliruhusiwi kusomwa mpaka litengenezwe. Ndani yake hamna irabu wala alama za uimbaji, kwa hiyo msomaji hana budi kujitayarisha juma zima. Akikosea kutamka kwa namna inayogeuza maana, waliosimama karibu naye humsahihisha palepale kwa sauti, naye hurudia. Hakuna anayeona ni fedheha. (Wasomaji wetu wanaokabidhiwa kitabu sakristia dakika mbili kabla ya kengele na wanisamehe.) Siku ya Sabato watu saba huitwa mmoja baada ya mwingine kulikaribia gombo, wa kwanza akiwa wa ukoo wa makuhani, wa pili Mlawi, na waliobaki watu wa kawaida. Baada ya Torati husomwa sehemu ya Manabii. Ndiyo liturujia ile ambayo Bwana wetu aliikuta Nazareti alipopewa chuo cha nabii Isaya, kama anavyosimulia Mtakatifu Luka katika sura ya 4. Hakuwa mgeni mle. Alisimama kusoma kama ilivyokuwa desturi yake.

Sasa tuje katika majira yenyewe. Kule kaskazini ni majira ya majani kupukutika. Kwetu neno vuli latukumbusha mvua. Lakini hata katika nchi ya Israeli kipindi hiki ni cha kuitazama mbingu, maana kiangazi chote hakunyeshi, na katika siku ya mwisho ya sikukuu hizi sinagogi zima huomba mvua. Mkulima wa Dodoma au wa Kitui angewaelewa bila kufasiriwa.

Mwezi unaotangulia huitwa Eluli. Asubuhi za mwezi huo, isipokuwa siku ya Sabato, hupigwa baragumu ya pembe ya kondoo dume ili kuwaamsha watu. Kwa majuma saba kabla ya mwaka mpya wao, masomo ya Manabii hutoka katika sehemu za faraja za Isaya, na mafungu ya Torati hutoka katika Kumbukumbu la Torati. Nami hupenda kuwaza kwamba jambo hilo lina maana: kabla ya kuambiwa wahesabu makosa yao, watu hufarijiwa majuma saba. Sisi wahubiri mara nyingi hufanya kinyume, tukitisha kwanza na kufariji tukipata nafasi.

Sabato ya mwisho kabla ya mwaka mpya husomwa daima fungu linaloanza katika sura ya 29 ya Kumbukumbu la Torati, ambapo Musa anawaambia watu kwamba wamesimama wote siku hiyo mbele za Bwana, wakuu wa makabila na wazee, watoto na wanawake, na mgeni aliye kambini, tangu mkata kuni hata mteka maji. Tafakarini mpangilio huo. Mteka maji yumo katika agano sawasawa na mkuu wa kabila. Na katika sura ya 30 Musa anawaambia kwamba amri hii si ngumu mno wala haiko mbali. Haiko mbinguni hata mtu aulize nani atapanda kuileta. Mtakatifu Paulo aliyachukua maneno hayo katika Waraka kwa Warumi. Na sisi twayasoma katika Dominika ya 15 ya Mwaka C, siku ileile ya Injili ya Msamaria Mwema. Na wito wa Musa wa kuchagua uzima twausoma Alhamisi baada ya Jumatano ya Majivu. Ndiyo kusema lango la Kwaresima yetu na lango la toba yao ni ukurasa mmoja.

Sikukuu ya kwanza, Rosh Hashana, huadhimishwa siku ya kwanza na ya pili ya mwezi wa Tishri, ambao katika hesabu ya Torati ni mwezi wa saba. Torati haiiti siku hiyo mwaka mpya; yaiita siku ya kumbukumbu na ya kupiga baragumu. Marabi wakafundisha kwamba siku hiyo Mungu hufungua vitabu vitatu: cha waovu kabisa, cha wenye haki kabisa, na cha wale wa katikati, ambao hukumu yao hungojea mpaka Siku ya Upatanisho. Sijui ninyi, lakini mimi najua kitabu changu ni kipi.

Mtu angetazamia kwamba siku ya hukumu wangesoma habari za Sinai, radi na moshi. La hasha. Siku ya kwanza husoma habari za Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa nyumbani mwa Abrahamu, na mtoto wake aliyekuwa akifa kwa kiu jangwani, na Mungu akaisikia sauti ya kijana huyo pale alipokuwa. Taifa linaanza mwaka wake kwa kusoma kilio cha mtoto wa nyumba nyingine, mtoto ambaye mama yetu Sara alitaka aondolewe! Pamoja na somo hilo husomwa habari za Hana, mwanamke aliyeomba kimyakimya hata kuhani akadhani amelewa. Nasi makuhani tungefanya vema kumkumbuka kuhani huyo kabla ya kuwahukumu wanaosali kwa namna tusiyoizoea. Siku ya pili husomwa habari za Isaka kufungwa juu ya madhabahu.

Na baragumu yenyewe ina siri. Torati inaamuru sauti iitwayo terua, na marabi wakaulizana ni sauti ya namna gani. Wakatafuta maana yake katika tafsiri ya Kiaramu, ambayo huiita kwa neno la kulia, neno linalohusiana na habari za mama yake Sisera katika kitabu cha Waamuzi, alipochungulia dirishani akimngoja mwanawe asiyerudi vitani. Sisera alikuwa adui wa Israeli, jemadari mwenye magari ya chuma, aliyewatesa miaka 20. Hata hivyo kilio cha mama yake ndicho kilichotumika kama kipimo cha sauti ya baragumu takatifu. Kisha wakabishana: je, ni kuugua kwa pumzi ndefu, au ni kwikwi za haraka? Rabi Abahu wa Kaisaria akaamua zipigwe zote, na mpaka leo sauti 100 hupigwa kwa desturi ya wengi. Mimi nimesoma vitabu vingi vya liturujia, wala sikumbuki mahali pengine ambapo machozi ya mama wa adui yamewekwa ndani ya ibada kwa heshima kiasi hiki.

Toka hapo huhesabiwa siku kumi za toba mpaka Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri. Hapa ndipo penye jibu la mama yangu wa mlangoni. Wanafunga chakula na maji kwa muda wa saa 25 hivi, hawaogi, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi, mume na mke hujitenga. Wengi huvaa nguo nyeupe. Hukiri dhambi kwa kufuata mpangilio wa alfabeti, na hukiri kwa wingi, "sisi" wala si "mimi", hata yule ambaye hakuiba hukiri wizi pamoja na aliyeiba. Asubuhi husoma sura ya 16 ya Walawi, habari za mbuzi wawili, lakini mara baada yake humsoma Isaya, pale Mungu anapoikataa saumu ya mtu anayeinamisha kichwa kama unyasi huku akiwaonea wafanyakazi wake. Alasiri husoma kitabu chote cha Yona, nabii aliyekasirika kwa kuwa Mungu amesamehe. Isaya huyo sisi tunamsoma Ijumaa baada ya Majivu, na Yona katika juma la kwanza la Kwaresima. Tena wazee wetu, kabla ya mageuzi ya mwaka 1969, walikuwa na siku tatu za kufunga katika mwezi wa Septemba, miongoni mwa zile zilizoitwa kwa Kilatini Quattuor Tempora, na masomo ya Misa zake yalikuwa Nehemia sura ya 8, na Walawi sura ya 23 juu ya Siku ya Upatanisho na Vibanda. Kanisa la Roma lilikuwa likiutazama mwezi huu kwa jicho la sinagogi, nasi tumesahau.

Lakini kiini cha siku hiyo, wapendwa, hakimo katika saumu. Kimo katika sheria moja ya Mishna, mkusanyo uliokamilika yapata mwaka 200, mwishoni mwa kitabu kiitwacho Yoma. Wanafundisha kwamba makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu hufunikwa na Siku ya Upatanisho. Bali makosa yaliyo kati ya mtu na mwenziwe, siku hiyo haiyafuniki mpaka amwendee mwenziwe na kumridhisha. Unaweza kufunga mpaka uzimie. Kama hukwenda kwa jirani, lango bado limefungwa.

Nilipokuwa seminari kuu nilifundishwa, na baadaye nikafundisha wengine, kwamba Wayahudi hushika sheria, sisi tumepewa neema. Wao huhesabu matendo, sisi tunahurumiwa. Nilihubiri hivyo Ijumaa Kuu moja na watu wakapiga makofi. Leo nasema waziwazi kwamba mahubiri yale yalikuwa mabaya. Mtaguso, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitukataza kuwaonyesha Wayahudi kana kwamba wamekataliwa au kulaaniwa na Mungu, na Yohane Paulo II alipoingia katika sinagogi la Roma tarehe 13 Aprili 1986 hakwenda kutalii. Lakini zaidi ya hayo, mahubiri yangu yalikuwa mabaya kwa sababu yalinipa mimi mwenyewe mahali pa kujificha.

Nieleze. Mwaka 2017 nilikuwa paroko mahali pengine. Katika kigango kimoja ilikosekana michango ya mabati, shilingi 840,000. Aliyekuwa amezikusanya ni katekista, mzee wa makamo aliyekuwa amefundisha dini hapo kabla mimi sijajua kusoma. Nilimsimamisha mbele ya waamini baada ya Misa nikamwuliza fedha ziko wapi. Alisema amezileta parokiani. Nikasema hazikuonekana. Sikumwita mwizi, lakini watu wote walisikia neno ambalo sikulitamka. Miezi miwili baadaye nikitafuta barua nyingine katika faili langu mwenyewe nikaikuta stakabadhi ya benki. Fedha zilikuwa zimewekwa, nami ndiye niliyezipeleka.

Nilifanya nini? Nilikwenda kuungama kwa padre mwenzangu, nikalia, nikaondolewa dhambi, nikarudi mwepesi kama unyoya. Nilipokutana na katekista nilimwambia, "Mwalimu, yale mambo yamekwisha." Akaniitikia, "Sawa, Padre." Ndivyo nilivyoomba msamaha: kwa kumjulisha kwamba mambo yamekwisha! Mabati yalinunuliwa, watu wakadhani fedha zimerudishwa. Aliendelea kuongoza ibada kwa miaka mitatu. Mwaka 2020 alifariki, nami nikaongoza mazishi yake na kumsifu kwa maneno mazuri, na katika maneno yote hayo stakabadhi haikuwamo.

Nikija kusoma baadaye yale waliyoandika marabi juu ya sheria ile ya Mishna, nilijiona kama mtu anayesomewa mashtaka. Yupo Musa bin Maimoni, Mmaimonide, aliyezaliwa Kordoba akafariki Misri mwaka 1204. Katika sheria zake za toba anasema mkosaji na aende akaombe msamaha. Asiposamehewa, aende na rafiki watatu, tena mara ya pili, tena ya tatu. Akikataliwa hata hapo, amwache, kwa maana sasa dhambi iko kwa anayekataa. Lakini kama aliyekosewa ni mwalimu wake, aende hata mara elfu. Na aliyekosewa akiwa amekufa? Achukue watu kumi, wasimame kaburini pake, akiri mbele yao kwamba amemkosea Mungu wa Israeli na mtu huyu, na ataje alichomtendea. Na kama alikuwa na deni la fedha, alilipe kwa warithi.

Mtu kumi! Si padirini, si gizani, bali mbele ya mashahidi kumi, kwa sababu heshima ya mtu ilivunjwa mbele ya watu nayo hujengwa mbele ya watu.

Na kabla hamjasema kwamba hizo ni sheria za kukokotoa, sikilizeni kisa kilichomo katika Talmudi. Rav, mwalimu mkuu wa karne ya 3, alikuwa siku moja akisoma fungu la Maandiko mbele ya mwalimu wake. Akaingia mwanachuoni mmoja, naye akaanza upya kwa heshima ya aliyechelewa. Akaingia wa pili, akaanza upya. Akaingia wa tatu, akaanza upya. Akaingia wa nne, Rabi Hanina, na Rav akasema moyoni, nitarudia mara ngapi? Akaendelea. Rabi Hanina akavunjika moyo. Kosa dogo kiasi gani! Hakumwibia, hakumtukana, alichoka tu kuanza upya. Rav akamwendea kila mkesha wa Siku ya Upatanisho, miaka 13 mfululizo, wala Rabi Hanina hakuridhika. Wanachuoni wanauliza kwa nini alizidisha mara tatu, nao wanajibu kwamba Rav alikuwa mtu wa namna nyingine. Hawasemi kwamba alipoteza wakati wake.

Sisi Wakatoliki hatukosi mafundisho haya. Bwana mwenyewe katika sura ya 5 ya Matayo anamwagiza aliyekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini haliyatengenezi mabaya yote yaliyoletwa na dhambi. Lazima mtu arudishe alichoiba na ajenge tena jina la aliyemchafua. Kwa hiyo siilaumu Sakramenti ya Kitubio, wala asiwepo mtu wa kusema Padre anataka tuungame kama Wayahudi. Naona tu kwamba tumeifanya sakramenti kuwa kivuko cha kumpita jirani pembeni. Tunao waamini, nao ni wengi, wanaokomunika kila Dominika wakiwa wamekaa benchi moja na mtu waliyemnyang'anya mpaka wa shamba. Na tunao mapadre. Wayahudi wana siku moja kwa mwaka inayowauliza swali hilo kwa jina. Sisi tuna Misa kila siku, na labda wingi huo umetufanya tuzoee.

Mwaka 2022 niliomba ruhusa kwa paroko aliyekuwapo, nikarudi kule kigangoni. Baada ya Misa niliwaomba watu wanifuate mpaka kaburini, nyuma ya kanisa. Walikuja zaidi ya kumi. Niliinua ile stakabadhi, nikawaambia tarehe yake, na wapi nilipoikuta, na kwamba nilinyamaza miaka mitano. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine lakini hayakutoka. Mjane wa marehemu aliinama akang'oa majani mawili matatu juu ya kaburi, kisha akawaambia wajukuu waniletee kiti. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Mwanawe mkubwa hakuja.

Siku tano baada ya Yom Kipuri huja Sukoti, Sikukuu ya Vibanda, na hapo hali hugeuka kuwa furaha. Hujengwa vibanda vya muda vyenye paa la makuti au matawi yaliyokatwa, mwanga wa nyota upate kupenya, nao hula humo siku saba. Hushika kuti changa la mtende, mihadasi, mierebi na tunda la jamii ya limau, na marabi husema mimea hiyo minne ni mfano wa watu: mwenye elimu na matendo, mwenye elimu tu, mwenye matendo tu, na asiye na chochote, nao hufungwa pamoja. Zamani Hekaluni zilitolewa ng'ombe dume 70 katika siku hizo, na Talmudi yasema zilikuwa kwa ajili ya mataifa 70 ya dunia, yaani kwa ajili yetu sisi pia.

Kisha Simhat Tora, furaha ya Torati. Magombo yote hutolewa, watu hucheza nayo wakizunguka mara saba, hata watoto huitwa kulikaribia gombo. Husomwa mwisho wa Kumbukumbu la Torati, Musa akifa nje ya nchi aliyoitamani, na bila kupumzika hufunguliwa gombo jingine na kusomwa mwanzo wa Mwanzo. Hawamfikishi Musa ng'ambo ya mto. Humrudisha Adamu.

Ilikuwa ni siku hiyo kule Israeli, tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas walipoua watu wapatao 1,200, na miongoni mwao vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata vikaua makumi ya maelfu ya watu wa Gaza, watoto wengi mno. Wapo watakaoniuliza ninawezaje kuwasifu Wayahudi baada ya Gaza. Sisifu serikali yoyote. Kitabu nilichokisoma kwenu leo kinapiga baragumu kwa kilio cha mama wa adui, na kinaanza mwaka na mtoto mwenye kiu jangwani, na yeyote anayekishika, Myahudi au Mkristo, kinamhukumu kwanza yeye.

Nilimwendea yule mwana mkubwa wa katekista mwaka jana, nyumbani kwake mjini, na rafiki watatu. Alitupokea kwa adabu, akatupa soda, akasema hana la kuzungumza na mimi. Amepanda cheo kazini na ana watoto wawili ambao hawajabatizwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa imani wa kijiji kizima, kwa hiyo nadhani katika hesabu ya Mmaimonide hapa si mara tatu bali ni zile mara elfu. Nimepata nafasi Jumanne ijayo. Basi la asubuhi huondoka saa kumi na mbili, na Misa ya siku hiyo itaongozwa na padre msaidizi.

Paroko wenu.